Maji ya Nyuki wa Ervino

Sandro alikuja kutuletea habari ya nyuki siku ambayo bura ilikuwa inavuma, upepo wetu wa kaskazini ambao ukianza hata mbwa hatoki nje. Nilijua mara moja ana neno zito, maana mtu haachi moto wake siku kama ile ili aje kusalimia tu. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. Akakataa kiti, akakataa na mvinyo. Huku kwetu juu ya mji wa Labin, mtu akikataa mvinyo wako, jiandae.

"Shangazi Ondina, mzee Ervino, mimi sikuja kugombana," akasema.

"Kwani nani kakwambia tunagombana? Sema kilichokuleta, mlango unaingiza baridi."

Akasema. Nyumba ya babu yake, iliyo upande wa pili wa ua wetu, ameigeuza ya kupangisha wageni wa kiangazi, na katikati ya bustani amechimbisha bwawa la kuogelea. Mashine ilipasua mwamba wiki nzima, vikombe vyangu vikicheza kabatini. Sasa kiangazi kilichopita nyuki wa mume wangu walilivumbua bwawa lile, wakawa wanakwenda kunywa huko makundi kwa makundi. Mtoto wa wageni akaumwa mdomoni, mdomo ukavimba kama andazi, na wazazi wake wakaandika mtandaoni maneno ya kumfukuzia Sandro wateja. Kwa hiyo alikuwa na ombi. Kabla ya wageni wa kwanza kufika, wakati wa Pasaka, ama nyuki wawe na maji yao na waache maji yake, ama mizinga ihame. Kule Pazin kuna mfuga nyuki mwenye nafasi, na ana gari la kuwabebea.

"Na tukikataa?" nikauliza.

Akaitazama kofia yake. "Itabidi nimwite mkaguzi, shangazi. Sipendi. Lakini nyumba ile ndiyo inayonilisha."

Nilimwambia maneno ambayo leo siyarudii. Marehemu mama yake nilimtaja, na maziwa aliyomnyonyesha nikayataja. Sandro akavaa kofia yake akaenda zake. Ervino alikuwa amekaa karibu na jiko muda wote ule akiutazama ukuta, na hilo ndilo lililonitisha.

Mume wangu alifanya kazi mgodini mpaka mgodi ulipofungwa. Yeye alitoka kwenye makaa ya mawe, lakini makaa hayakutoka kwake, yamebaki kifuani. Mwaka mmoja hali ilimzidi, akalala, na hata alipopata nafuu hakuamka. Daktari alisema mapafu, mimi nasema moyo. Alikuwa anageukia ukutani asubuhi, na jioni ukimkuta bado ni ukutani. Kilichomwinua hakikuwa dawa. Kundi la nyuki liliangukia mjozi wetu mwezi wa tano, na Zvane, jirani yetu mwenye maksai, akapiga kelele dirishani, "Ervino! Una wageni juu ya mti, na mimi siwezi kuwapokea, nawaogopa!" Ervino akatoka na nguo za kulalia, akaliteka kundi lile kwa kikapu cha viazi. Tangu siku ile anaamka kabla yangu. Nyuki wakiondoka nitabaki na mtu anayetazama ukuta, na baada ya muda nitabaki na ukuta peke yake. Nililijua hilo, na yeye alilijua.

Tulishajaribu mabeseni. Yalikauka kwa jua, au paka aliyapindua. Nyuki ni kama mtu wa heshima, hapendi kualikwa leo akakuta chombo kitupu kesho. Na huku kwetu hakuna mto wala chemchemi. Mvua ikinyesha, mwamba unaimeza yote. Kila nyumba ina tangi la mvua chini ya ua, limefunikwa kwa bamba la jiwe. Kwa hiyo ilibidi tutengeneze bwawa la bustani, lenye kina, lisilokauka.

Ervino akachukua sururu, akachagua mahali mbele ya mizinga, akapiga. Sururu iliingia kiasi cha kiganja, ikalia ngaa! kwenye mwamba. Akasogea, akapiga tena. Ngaa! Akashika kiuno akihema.

"Ukitaka kushuka chini, mwite Sandro akuazime mashine yake," nikamtania.

"Chini nimeshashuka vya kutosha maishani," akasema. "Tupande juu."

Ndivyo bwawa letu lilivyokuwa la kuinuliwa. Alipanga ukuta wa duara juu ya ardhi, wa mawe matupu bila saruji, kama kuta zote za mashamba yetu: ukuta wa nje na ukuta wa ndani, na katikati kifusi kilichoshindiliwa. Kubeba tulibeba mimi na Zvane. Ervino alikaa kwenye kigoda, na kazi yake kubwa ilikuwa kusema, "Siyo hilo."

"Hili je?"

"Siyo hilo."

"Zvane, chukua lile kubwa umchape nalo," nikasema.

"Lile kubwa ndilo hasa," akasema Ervino. "Leteni."

Duara alilichora pana, upana wa sakafu ya kupuria ngano. Nikamwambia nyuki wanakunywa tu, hawashindani kuogelea. Akajibu kwamba bwawa dogo ni beseni lenye majivuno. Ukuta ukapanda mpaka kiunoni, na jiwe likakaa juu ya jiwe kwa namna ambayo usingeweza kuchomeka hata kisu. Watu waliokuwa wanapita kwenda kwenye mizeituni yao walisimama kuutazama. Ervino alianza kula tena vizuri. Nilimpikia maharage na kabichi chachu, akaomba nyongeza, nami nikageuka upande ili asinione nikitabasamu.

Ndani tulitandika kwanza turubai la mpira kutoka dukani. Tukajaza maji jioni. Asubuhi hakuna maji. Jiwe fulani lilikuwa limetoboa, na tulipoziba lile tundu, jingine likatoboa upande wa pili. Ervino akalivuta turubai lote nje, akalikunja, akalitia bandani bila hata kulitukana.

"Udongo wa mfinyanzi," akasema. "Kama bwawa la ng'ombe la kijiji. Lile lina turubai gani? Na maji yamekaa tangu enzi za babu yangu."

Kila mtu kijijini alijua jinsi lile lilivyotengenezwa, maana kila baada ya miaka kadhaa lilikarabatiwa, na sisi tukiwa watoto tuliona. Unaleta udongo wa mfinyanzi, unaulowesha, unautandaza, kisha unaingiza maksai wanaukanyaga mchana kutwa mpaka unakuwa mgumu na laini kama sabuni. Kwa kwato za maksai udongo unafunga kabisa, haupitishi hata tone. Basi Zvane akaleta udongo kutoka bondeni, tela baada ya tela. Tukaupandisha kwa ndoo, tukaumimina ndani, tukaunyunyizia maji. Pembeni tukaupigapiga kwa nyundo za mbao ukashikana na mawe. Sakafu tukaiacha. Sakafu ni kazi ya maksai.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka. Nyuki walikuwa wameshaanza kutoka mchana kukiwa na joto, na nilikuwa nawaona wanaruka juu ya ua kuelekea kwa Sandro, ambaye alikuwa ameshajaza maji yake ya buluu. Kila nilipowaona, nilihesabu siku zilizobaki.

Zvane anaye maksai mmoja tu siku hizi, Sarozin, mnyama mweupe wa kijivu mwenye pembe ndefu kuliko mikono yangu. Hana kazi yoyote tena, anafugwa kwa ajili ya maonyesho na kwa sababu Zvane anampenda. Kikisikia Sarozin anatoka zizini, kijiji kizima kinatoka pia. Jumapili ile alipanda barabara yetu polepole, amefungwa utepe mwekundu kwenye pembe, na nyuma yake watu kama wanakwenda harusini. Zvane alimtangulia, kifua mbele. Akaingia uani, akamwongoza Sarozin mpaka kwenye bwawa, akasimama.

Sarozin akautazama ukuta. Ukuta ulimfika kifuani.

 Zvane akauzunguka ukuta wote, akarudi alipoanzia, kama mtu anayetafuta mlango. Mimi nikamtazama Ervino, Ervino akautazama ukuta wake mzuri, nami nikaona uso wake unavyobadilika.

Usituone wajinga. Mabwawa yetu yote yako chini. Maksai anaingia kwa miguu yake, anatoka kwa miguu yake, na tangu dunia iumbwe hakuna mtu huku kwetu aliyewahi kuinua bwawa hewani. Kwa hiyo hakuna aliyewaza. Kijiji kizima kilisimama kuutazama ukuta ule, na hakuna hata kichwa kimoja kilichojiuliza Sarozin ataingilia wapi.

Aliyeanza kucheka ni Tončka, rafiki yangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, kiongozi wa kikundi chetu cha ngoma. "Zvane!" akapaza sauti. "Mwambie aruke! Si umemfunga utepe?"

Hapo kicheko kikashuka kama mvua. Wakaleta mbao mbili za kujengea, wakaziegemeza ukutani kama daraja. Sarozin akaweka kwato moja, ubao ukalia, akaitoa, akampumulia Zvane usoni pumzi ndefu ya dharau, akageuka akaanza kula kabichi zangu.

"Tubomoe upande mmoja," mtu akasema. "Aingie, kisha tujenge tena."

"Hakuna jiwe litakalotoka hapo," akasema Ervino. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na kifua kinamlilia. "Ukitoa moja, mengine yote yanajua. Ukuta hautasimama tena kwa uzito wa maji. Na siku ziko wapi? Acheni. Nendeni mkale majumbani mwenu. Mwacheni yule wa Pazin aje."

Alisema kwa upole, na upole ule ulinivunja zaidi kuliko kama angepiga kelele. Nilimwona amegeuza uso akitazama ukuta, ukuta wake mwenyewe sasa, lakini jicho lilikuwa lile la kitandani. Nikasema ndani ya nafsi yangu, basi, ameshalala.

Tončka aliacha kucheka. Akanitazama, akamtazama Ervino. Kisha akakaa juu ya ukuta, akaanza kuvua viatu.

"Maksai ana miguu minne tu," akasema. "Sisi hapa tuna mingapi? Vueni! Na wewe Zvane, acha kumbembeleza mnyama, nenda kaite watu wa zumari!"

Ngoma yetu ni ya duara. Mnazunguka wawiliwawili, mwanamume na mwanamke, mnachapa miguu chini, mnageuzana, mnachapa tena, na zumari mbili, kubwa na ndogo, zinalia pamoja kwa sauti ambayo wageni huziba masikio. Hakuna ngoma duniani inayofaa zaidi kukanyagia bwawa la duara. Wazee wakakunja suruali mpaka magotini, tukabana sketi viunoni, tukapanda ukuta kwa kigoda cha Ervino. Udongo ulikuwa wa baridi hata meno yakagongana. Zumari zikaanza.

Walikuwa wanapangana wawiliwawili, na mimi sikuwa na mwenzi. Mwenzi wangu wa ngoma alikuwa amekaa nje akihema. Tončka akatazama juu, nami nikafuata macho yake. Sandro alikuwa kwenye roshani yake anatutazama.

"Wee Sandro!" Tončka akaita. "Mjukuu mzima wa mchezaji ngoma, umesimama huko kama nguo ya kuanikwa? Shuka, kuna mwanamke hapa hana mtu!"

"Tončka, nyamaza," nikamwambia. "Bora nicheze na Sarozin."

"Sarozin anakula."

Sandro akashuka. Akaruka ua, akavua viatu vyake vya bei, akakunja suruali, akapanda. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi wakunga nilikuwa nimewatukana mpaka mama zao. Sikumpa mkono. Yeye ndiye aliyenishika.

Tukazunguka. Udongo ulitoka katikati ya vidole, ukatunyonya visigino, ukatema. Mwanzoni unateleza, unamshika mwenzako usianguke. Utamchukiaje mtu ambaye ukimwachia utaanguka? Nilijitahidi.

"Shangazi," akaninong'oneza, "unanikanyaga makusudi."

"Udongo haukanyagiki bila makusudi."

Akacheka. Tukacheza mpaka jasho likatutiririka, kundi moja linatoka, jingine linaingia, mtu ananyunyiza maji, mtu anapitisha jagi la udongo lenye mvinyo mwekundu wa moto, mkate wa kuchoma umelowa ndani pamoja na mafuta ya zeituni na pilipili manga. Tukacheza Jumatatu pia, na Jumanne waliobaki ni wale wenye magoti mazuri. Udongo ukaanza kutoa mlio mwingine chini ya miguu, mlio mkavu. Ervino alikuwa ameketi juu ya ukuta wake, anapiga makofi kufuata zumari na kutufokea, "Pembeni! Kanyageni pembeni, katikati mnapapenda kwa nini?"

Niliwashukuru wote mmoja mmoja getini. Sandro nilimpungia mkono tu. Hicho ndicho nilichoweza.

Tukajaza maji kutoka kwenye tangi letu. Ukapita usiku, asubuhi maji yako palepale. Siku ya pili, palepale. Ervino aliweka mawe yanayochungulia juu ya maji ili nyuki wapate pa kusimama, akatandaza mwani wa kijani alioutoa kwenye bwawa la ng'ombe, maana nyuki wanapenda maji yenye harufu ya ardhi. Nikapanda minanaa ukingoni. Likawa bwawa zuri, ungefikiri lilikuwapo kabla ya nyumba.

Nyuki hawakuja.

Walitoka mizingani, wakapita juu ya bwawa, juu ya kichwa cha Ervino, wakaenda kwa Sandro. Nyuki akishajifunza njia, haulizi kama kuna nyingine fupi. Ervino alitia matone ya asali kwenye mawe. Walikuja wawili watatu, wakala asali, wakaenda kunywea kwa Sandro. Akatia chumvi kidogo. Akakaa pale asubuhi hadi jioni, kiganja kimelowa maji, amekinyoosha mbele ya mizinga kama anayeomba. Wiki Takatifu ikaingia. Ijumaa magari ya wageni yalipanda kwa Sandro, na kama nyuki wangekuwa bado wanakunywa kwake, Jumatatu ya Pasaka yule wa Pazin angekuja na gari lake.

Jumamosi asubuhi Ervino hakuamka. Nilimwita, akasema, "Nakuja," kisha akageukia ukutani.

Karibu na adhuhuri nilifunga kitambaa kichwani, nikavuka kwenda kwa Sandro. Nitakuwa mkweli: nilikwenda kugombana. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani, makali kwanza, machozi baadaye, kama makali yangeshindwa. Nikasukuma geti.

Bwawa la kuogelea lilikuwa tupu. Pampu ilikuwa inanguruma, bomba linatema maji ya mwisho barabarani, na Sandro alikuwa chini kabisa, ndani, ana fagio. Wageni wachache walikuwa wamekaa kwenye viti vya jua wakilitazama shimo lile la vigae. Mmoja alikuwa anaingiza masanduku kwenye gari kwa hasira.

"Unafanya nini?" nikauliza. Maneno yote niliyopanga yalikuwa yamenitoka.

"Nafagia, shangazi."

"Na hawa?"

"Nimewaambia waende baharini, bahari si ileee. Hao wengine wanahama." Akaegemea fagio lake. Alikuwa amechoka, macho mekundu. "Kutoka roshani yangu naona bustani yenu yote. Tangu wiki iliyopita namwona mzee amekaa pale, mkono ameunyoosha, na nyuki wanampita juu ya kichwa kuja kwangu. Kila asubuhi nafungua dirisha, yupo. Leo nimefungua, hayupo." Akaushika tena mpini wa fagio. "Nikaja moja kwa moja nikawasha pampu. Sasa wakija hapa hawatakuta kitu. Watatafuta kwingine."

"Na wateja wako, mwanangu? Si ulisema nyumba ndiyo inayokulisha?"

"Nilisema. Lakini siku ile ya udongo alikuwa anapiga makofi. Sijamwona mzee Ervino akipiga makofi tangu nikiwa mtoto."

  Nilishuka ngazi za bwawa lile, viatu vikiteleza kwenye vigae, nikaushika uso wake kwa mikono yote miwili nikambusu paji la uso kama mtoto niliyemzaa. Nikasema asante. Nikasema tena. Nikamwambia anisamehe kwa yale ya mama yake, na akasema mama yake angesema mabaya zaidi, na ilikuwa kweli.

Mpaka jioni nyuki walizunguka juu ya vigae vile vikavu, wakilalamika. Ervino sikumwambia. Niliogopa kumpa tumaini nisije nikamnyang'anya tena.

Asubuhi ya Pasaka nilikwenda kanisani na kikapu kubariki chakula, kama tunavyofanya kila mwaka: mkate mtamu, mayai, paja la nguruwe lililokaushwa. Nilirudi jua limeshashika, nikapitia bustanini. Nilisikia kabla sijaona. Kwenye mawe ya bwawa, kwenye mwani, kwenye minanaa yangu, walikuwa wamejipanga bega kwa bega, vichwa chini, makalio juu, wanakunywa. Nyuki wetu wote, wala sijui kama walibaki wengine mizingani.

Nilikimbia na kikapu mkononi mpaka dirishani kwake. "Ervino! Wako kwenye maji! Ervino, amka, wako kwenye maji yako!"

Alitoka na nguo za kulalia, bila viatu. Akasimama mbele ya bwawa. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Alishusha kidole taratibu kando ya nyuki mmoja, naye akamkalia kidoleni, akaendelea na mambo yake.

"Nani amewaleta?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, pampu, wageni, masanduku, roshani. Alisikiliza bila kuondoa macho kwenye kidole chake. Nilipomaliza, akampuliza yule nyuki akaruka, na yeye mwenyewe akashika njia ya getini.

"Vaa kitu!" nikapiga kelele. "Ni Pasaka!"

Hakugeuka. Mtu ambaye tangu majira ya baridi alikuwa hajatoka nje ya ua wake, alipita barabarani na nguo za kulalia, mimi nyuma na kikapu. Wageni waliobaki walikuwa wanakunywa kahawa, wakageuka kumtazama. Sandro alikuwa amekaa ukingoni mwa bwawa tupu, miguu inaning'inia. Ervino akashuka zile ngazi, moja, akapumua, nyingine, akapumua, mpaka akasimama kwenye sakafu ya vigae mbele yake. Mume wangu si mtu wa kushukuru. Kwetu wanaume wanadhani neno asante ni la dukani. Akalisema, kwa sauti, mbele ya watu wasiomjua. Halafu akasema, "Sasa jaza maji yako, mwanangu. Wameshakuja kwangu."

Sandro akatikisa kichwa. "Bado, mzee. Wacha waizoee njia. Nikijaza leo, watarudi."

"Wageni wako wataondoka wote."

"Watakuja wengine."

Ervino alitaka kujibu, lakini pumzi ilikuwa imemwishia. Akakaa pale pale kwenye ngazi ya chini, ameshika mguu wa Sandro ili asianguke. Mimi nikashuka na kikapu, nikawakatia mkate.